Jembe la Siku ya Tatu

Methali "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" huelekezwa mara nyingi kwa mgeni aliyejisahau, anayekula bila kuuliza chakula kimetoka wapi. Maana hiyo ni sahihi, ila haifiki mbali. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi, akaongeza kuwa mgeni mwenyewe huenda angeomba jembe kabla hajapewa. Hapo ndipo ulipo uzito wa methali. Kupewa jembe si adhabu, ni kukaribishwa kweli. Anayelima pamoja na wenyeji huujua udongo wao, na neno lake barazani husikilizwa.

Luteni usu anayetoka chuo cha maofisa wa jeshi Monduli na kuripoti kikosini ni mgeni wa aina hii. Sajini aliyetumikia jeshi miaka mingi humpigia saluti na kumwita afande tangu dakika ya kwanza. Siku mbili za methali ndizo hizo: heshima asiyoitolea jasho. Hatari ni kuidhani mali yake. Jembe lake ni kazi zisizo na sifa: kukagua silaha pamoja na askari, kutembea nao doria usiku wa mvua, kungoja askari wa mwisho apate chakula ndipo naye ale, kumsikiliza sajini anapoeleza ni nani ana mgonjwa nyumbani na ni nani anaficha jeraha la mguu ili asiachwe kwenye zoezi.

Milima ya Uluguru, iliyoinuka juu ya Mzumbe, imeshuhudia uongozi uliokwenda kinyume na methali hiyo. Kuanzia 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi, na wakulima wakalazimishwa kuchonga matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa njema. Lakini udongo wenye rutuba huko ni mwembamba. Kuchonga ngazi kulifukua udongo mfu wa chini, mazao yakadhoofika. Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, waliyajua hayo kwa mikono yao, lakini hawakuulizwa. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Miaka miwili tu kabla, 1953, ilikuwa imeanzishwa Mzumbe shule ya kuwafunza machifu na watumishi wa serikali za mitaa, ambayo ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu Mzumbe. Somo zito kuliko yote ya uongozi likatolewa upande wa pili wa mlima, nje ya darasa.

Jeshi nalo lina kumbukumbu yake. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Uasi hauna utetezi. Hata hivyo, maofisa wale walikuwa wamebaki wageni katika kikosi walichokiamuru. Septemba 1 mwaka huohuo liliundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Methali ina mipaka pia. Kushika jembe hakumfanyi afisa kuwa rika la askari wake. Amri hubaki yake, na lawama pia. Tena siku mbili za mwanzo zina kazi: ni za kutazama na kuuliza, kabla ya kubadili utaratibu ambao sababu yake bado hajaifahamu. Lakini silaha iliyoachwa na risasi ndani ya chemba, posho ya askari inayoliwa na mkubwa wake, au kuruta anayepigwa, hayo hayasubiri siku ya tatu. Afisa huyakomesha siku ileile anayoyaona.