Sahani Moja, Sababu Mbili

Katika sherehe moja ya kipaimara niliketi meza moja na watu wawili ambao hawakugusa ndafu. Mmoja ni mzee wa kanisa mwenye kisukari. Daktari alimshauri aache nyama na chakula chake kiwe hasa nafaka, maharage, mboga na matunda. Mwingine ni binti wa kwaya ya vijana, ndiyo kwanza amemaliza chuo. Mama wa jikoni alipokuja kuniuliza afanyeje, nilimjibu bila kufikiri: “Wote wawili hawali nyama. Waletee makande.”

Makande yakaja, yameungwa kwa maziwa kama ilivyo desturi yetu. Mzee akala, akashukuru. Binti alichota kijiko, akakirudisha. “Samahani Mchungaji, yana maziwa.” Nami mbele ya wageni nikamtania: “Kwani maziwa nayo yamechinjwa?” Meza nzima ikacheka. Yeye alitabasamu, akanywa maji, na hakula kitu mpaka tukaomba baraka ya kufunga.

Utani huo ulinirudia usiku. Nilikuwa nimewachanganya watu wawili ambao sahani zao zinafanana lakini sababu zao ni mbalimbali.

Binti ni mvegani. Neno hilo lilianzia Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipounda chama cha watu walioona kwamba kuacha nyama peke yake hakutoshi. Mvegani hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, na kadiri awezavyo havai ngozi wala sufu. Anachokataa ni kumtumia mnyama kama chombo. Kwake hilo ni suala la haki. Anaweza kushinda na soda na chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya alizeti akawa bado mvegani kamili, ingawa mwili wake utamdai. Tena inambidi apate vitamini B12 kwa vidonge au kwa chakula kilichoongezewa, kwa maana mimea haimpi.

Mzee wetu anafuata kile kinachoitwa ulaji wa mimea. Jina lake la Kiingereza lilienezwa na wataalamu wa lishe, akiwamo Mmarekani T. Colin Campbell, na shabaha yake ni afya. Wengine huacha kabisa vitokanavyo na wanyama, wengine hubakiza maziwa kidogo au samaki mara moja moja. Mzee akivunja utaratibu wake leo, kesho atapima sukari na kuendelea. Viatu vyake vya ngozi havimsumbui hata kidogo. Binti akila makande yale, amevunja neno alilojiwekea mbele ya dhamiri yake.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Mtume Paulo, katika Warumi 14, anamtaja waziwazi mtu alaye mboga tu, na anamkataza alaye vyote kumdharau. Anamkataza pia asiyekula kumhukumu alaye. Mimi nilidharau. Danieli naye, katika sura ile ya kwanza tunayopenda kuwasomea watoto, aliomba mboga na maji kwa siku kumi. Hakufuata afya, wala hakuwa akiwatetea wanyama. Hakutaka kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Hiyo ni sababu ya tatu kwa sahani ileile. Na wako majirani zetu wenye sababu ya nne, ambayo hawakuichagua: bei ya kilo ya nyama.

Chuoni tulisoma kipengele cha 26 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kinachohusu tofauti ya vyakula. Nilikijibu vizuri kwenye mtihani. Kinafundisha kwamba chakula hakitustahilishi neema, wala hakizuii mtu kujinyima. Nilidhani kinawahusu wamonaki tu.

Je, binti ana haki katika anachoamini? Nilimwendea nyumbani kwao, nikaomba radhi mbele ya mama yake, tukazungumza. Nilimwambia kwamba siwezi kukubali kuwa kula nyama ni dhambi: Mwanzo 9 inaruhusu baada ya gharika, na Bwana mfufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi. Akanijibu kwa upole, “Mchungaji, katika Mwanzo 1 kilitolewa chakula gani?” Mimea. Nilijua. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuwatazama kuku wanaoning'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda kwenda sokoni. Nimewatazama mara nyingi, hata wale wa sherehe zangu mwenyewe. Mithali 12:10 inasema juu ya mwenye haki na uhai wa mnyama wake, nami sijawahi kuihubiri.

Bado nakula nyama. Yeye bado anaamini nimekosea, na bado anaimba sauti ya pili.

Juzi tulikuwa na harusi. Nilipita jikoni, nikamkuta mama yule akipakua makande kwenye sufuria ndogo kabla hajamimina maziwa. “Hii ni ya dada,” akasema. “Ya mzee ni ile nyingine, ila nimepunguza chumvi.”