Mwaridi Usio na Miba

Watu wengi huona ajabu wanapoambiwa kwamba mwandishi aliyeishi kwa kubuni mauaji alikuwa mpenzi mkubwa wa maua. Huuliza: inawezekanaje moyo ule ule uliopima asubuhi sumu itoshayo kumwua mtu, jioni ukafurahia ua lililochanua? Wengine hujibu kwa haraka kwamba maua yalikuwa kimbilio tu la kusahau kazi. Wengine husema mojawapo ya mambo hayo mawili hapana budi lilikuwa unafiki. Mimi sikubaliani na majibu hayo. Ningependa, msomaji wangu, tulitazame swali hili taratibu, kwa kuwa halimhusu mwandishi peke yake. Linamhusu kila mtu ambaye kazi yake humlazimu kuyajua maovu ya wenzake.

Mwandishi ninayemfikiria ni Agatha Christie, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1890 mjini Torquay, akaandika riwaya 66 za upelelezi. Ujuzi wake wa sumu haukutoka vitabuni tu, maana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali ya mjini kwao. Uchungu wa maisha nao aliujua. Mwaka 1926 mama yake alifariki, mumewe akamwambia kwamba anampenda mwanamke mwingine, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo yeye mwenyewe akatoweka kwa siku 11, nchi nzima ikimtafuta. Miaka 12 baadaye, akiwa ameolewa tena, alinunua nyumba iitwayo Greenway, juu ya mto Dart, yenye bustani kubwa iteremkayo hadi ukingoni mwa maji, yenye kamelia na manolia. Hapo palikuwa mahali pake pa kupumzika pamoja na jamaa zake.

Sasa tazama alichofanya. Katika riwaya yake Dead Man's Folly, ya mwaka 1956, aliichukua bustani hiyo hiyo, akaipa jina jingine, kisha akailaza maiti ya msichana ndani ya banda la mashua lililoko mtoni. Mtu anayekimbilia maua ili asahau uovu hawezi kufanya hivyo. Angeiweka bustani yake mbali kabisa na damu. Christie hakujidanganya kwamba pazuri hapana ubaya. Alijua kwamba mwuaji naye hupita katikati ya maua, na hakuyang'oa maua kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo jambo linaponigusa. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na kazi hiyo, ukiacha mahesabu na mikutano, ni kazi ya upelelezi. Nani ameiba godoro bwenini? Nani ameandika matusi ukutani? Barua hii ya mzazi imeandikwa na mzazi kweli, au na mtoto mwenyewe? Wanafunzi waliosoma riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar walinibandika jina la mpelelezi wake, Bwana Msa, wakidhani siwasikii. Baada ya muda jicho la mwalimu mkuu huzoea. Mtoto akicheka, jicho huuliza anaficha nini. Akinyamaza, huuliza vile vile. Zoezi la kutafuta kosa, likirudiwa kila siku, humfanya mtu alione kosa hata pasipokuwapo.

Nimewaona wenzangu ambao jicho hilo halikustaafu pamoja nao. Namkumbuka mmoja, mtu hodari na mwadilifu, ambaye hakupata kuchukua hata senti ya shule. Uzeeni alihesabu vijiko kila jioni, akawashuku wajukuu zake, na akaacha kuwapokea wageni kwa sababu kila mgeni alikuwa na shabaha yake. Hakuna aliyemwibia chochote, lakini alikufa kama mtu aliyeibiwa kila kitu. Hiyo ndiyo hatari ninayoizungumzia. Kuujua uovu ni lazima, kwani asiyeujua hawezi kuwalinda watoto wa watu. Lakini kuujua uovu peke yake ni ugonjwa.

Je, ua linaweza kuwa dawa? Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikuwa bado moto. Tulibishana usiku kucha kama ni haki chuo kuwa na bustani ya mawaridi mbele ya ofisi, wakati ardhi hiyo ingeweza kutoa maharage. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Maua hayaliwi, na mtoto mwenye njaa hashibishwi na harufu nzuri. Mimi mwenyewe nimepandisha maharage mengi kuliko mawaridi, wala sioni haya.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho maharage hayafundishi. Shamba la maharage ninalitazama nikiuliza litanipa nini. Mwanafunzi mshukiwa ninamtazama nikiuliza amenificha nini. Ua halinipi kitu wala halinifichi kitu. Likinivuta kulitazama, nalitazama kwa sababu lipo, basi. Na mtu asiyekuwa na kitu hata kimoja duniani anachokitazama namna hiyo, atawezaje siku moja kumtazama mtoto hivyo hivyo, kabla hajamwuliza swali lolote? Marehemu mke wangu alipanda asumini kila tulipohamishiwa. Nikitoka kuamua mashauri mazito nilikuwa nasimama kidogo pale barazani kabla ya kuingia ndani. Sikuwa nimesahau yaliyotokea shuleni, ila nilirudi kuwa baba wa watoto wangu badala ya hakimu wao.

Kuna jambo la pili, na Christie analionyesha vizuri. Katika riwaya yake Sad Cypress, ya mwaka 1940, mtu mmoja ana alama ndogo ya kuchomwa mkononi, naye anaeleza kwamba amechomwa na mwiba wa mwaridi uliopo pale nyumbani. Maelezo yanaelekea kuwa ya kweli, kwa maana nani hajui kwamba mwaridi una miba? Lakini mwaridi ule ni wa aina iitwayo Zéphirine Drouhin, nayo haina miba. Uongo unaanguka hapo. Mwongo aliwajua watu na udhaifu wao, lakini hakuutazama mwaridi. Kumbe basi, furaha ya maua haimtii mtu usingizi. Ampendaye mtu au kitu kwa dhati hukijua kimoja kimoja. Mwenye kushuku hujua mambo kwa jumla: miba ni ya mawaridi yote, na wizi ni wa watoto wote wa kijiji fulani.

Sisemi kwamba bustani itaufuta msiba. Ipo huzuni ambayo asumini haifiki, nami naijua tangu nilipobaki peke yangu kuimwagilia. Lakini kwa walimu vijana, na polisi, na mahakimu, na wauguzi, na wote wanaokula mshahara wa kuyajua mabaya ya watu, nathubutu kutoa shauri moja. Wawe na kitu kimoja kisicho na faida wanachokitazama kila siku, hata kama ni ua moja ndani ya kopo la samli. Kisha wakiitwa kwenda kumhoji mtu, wamwangalie kwanza kwa jicho lilelile. Huenda mwaridi walioletewa hauna miba.