Chungu cha Sabato na Paja la Nguruwe

Kila Pasaka, katika nyumba nyingi za Marekani, paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi huwekwa katika chungu cha umeme kinachopika kwa moto mdogo. Upande uliokatwa hulazwa chini, nyama hupakwa sukari ya kahawia, haradali na maji ya nanasi, pengine huchomekwa karafuu, kisha hufunikwa. Kwa kawaida paja hilo huuzwa likiwa limeshaiva, hivyo kazi ya chungu ni kulipasha polepole kwa saa nne au tano mpaka joto la ndani lifike nyuzi 60 za Selsiasi. Mvuke ulionaswa na kifuniko huilainisha nyama, lakini hauwezi kuifanya ing'ae. Ndiyo maana mpishi makini huuchota mchuzi uliobaki chunguni, akauchemsha mpaka ukawa mzito kama asali, akaupaka juu ya nyama na kuiingiza kwenye oveni yenye moto mkali kwa dakika chache.

Asili ya chungu hicho iko kwa watu ambao dini yao inamkataza nguruwe. Irving Naxon, mvumbuzi Myahudi wa Chicago, alipata hataza ya chombo chake mwaka 1940. Familia yake inaeleza kwamba wazo lilitokana na masimulizi ya mama yake kuhusu chakula cha Sabato kilivyopikwa Lithuania. Torati, katika Kutoka 35, inakataza kuwasha moto siku hiyo. Basi Ijumaa, kabla jua halijazama, maharage, shayiri, viazi na nyama vilitiwa chunguni na kupelekwa kwenye tanuri la mwoka mikate, vikaachwa humo usiku kucha katika joto lililobaki. Jumamosi adhuhuri, ibada ikiisha, watu walikula chakula cha moto na amri haikuvunjwa. Naxon aliweka nyaya za umeme kukizunguka chungu, zishike nafasi ya tanuri. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake, na mwaka uliofuata chombo kikaingia sokoni kwa jina la Crock-Pot.

Kwa hiyo chombo kilichozaliwa na utiifu wa amri moja ya Torati leo kinapika nyama iliyokatazwa na amri nyingine ya Torati hiyohiyo. Swali linalozuka ni la zamani kuliko umeme: je, utakatifu na unajisi hukaa ndani ya kitu, au hukaa kati ya mtu na Mungu wake?

Walawi 11 inamkataza nguruwe kwa sababu ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Maimonides, tabibu na mwanafalsafa wa karne ya 12, aliona sababu kubwa ni uchafu wa mnyama huyo na chakula chake. Mary Douglas, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu usafi na unajisi, aliona sababu katika mpangilio wa viumbe: nguruwe haingii sawasawa katika kundi lolote. Wengine hutaja minyoo. Hoja hii ya mwisho ni dhaifu, maana kama sababu ingekuwa minyoo, kipimajoto cha jikoni kingeshalifuta katazo zamani. Torati yenyewe haizungumzii afya. Inaweka sheria kwa taifa lililofunga agano.

Qur'ani inakwenda mbali zaidi: Sura ya 6, aya ya 145, inaiita nyama hiyo uchafu. Hata hivyo aya hiyohiyo, kama ile ya 173 ya Sura ya 2, inamwondolea dhambi aliyelazimika kuila bila kutamani wala kuvuka mpaka. Nyama ni ileile na mlaji ni yuleyule, ila hali yake imebadilika, na hukumu ikabadilika nayo.

Kinyume chake kinapatikana katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo. Wakati wa mateso ya mfalme Antioko Epifane, mzee Eleazari, mwenye umri wa miaka 90, alilazimishwa kula nguruwe. Waliomhurumia walimnong'oneza alete nyama yake halali, aile huku akijifanya anakula ile ya mfalme. Alikataa, akauawa. Nyama hiyo halali aliyoikataa haikuwa na kosa lolote. Kosa lingekuwa katika yale ambayo vijana wangejifunza kwa kumtazama. Mwenye njaa anakula haramu bila dhambi, na Eleazari anakufa kwa kukataa halali. Ukiiweka mifano hii miwili pamoja, ni vigumu kuendelea kudai kwamba hukumu yote imo ndani ya nyama.

Wakristo wengi, wakitegemea Marko 7 na maono ya Petro katika Matendo 10, huhesabu vyakula vyote kuwa safi, ingawa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia na Wasabato wanajiepusha na nguruwe. Lakini hakuna andiko linalomwamuru Mkristo ale paja la nguruwe siku ya Pasaka. Desturi ilitokana na majira ya Ulaya: nguruwe alichinjwa vuli, nyama ikakaa katika chumvi majira yote ya baridi, ikawa tayari Kwaresima ilipokwisha. Tofauti hii ina uzito mkubwa. Upande mmoja una amri, upande mwingine una ruhusa tu, na mwenye ruhusa akiiacha hapotezi imani yake. Paulo alilifikia jambo hilo katika Warumi 14: aliye huru ndiye anayepaswa kumpisha mwenzake.

Chungu nacho kina sheria zake. Katika sheria ya Kiyahudi chombo cha chuma huweza kutakaswa kwa moto au maji yanayochemka, lakini cha udongo hunyonya kilichopikwa ndani yake na hakitakasiki. Marabi wengi huhesabu chungu cha kauri kuwa cha udongo. Kwa Waislamu, Mtume aliulizwa kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, akaagiza vitafutwe vingine, na visipopatikana vioshwe ndipo vitumiwe. Kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ni kwamba kilichoguswa na unyevu wa nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Chungu chenyewe hakina dini, na Mkristo anayepika paja ndani yake hamkosei Naxon wala mama yake. Mwenye kubanwa na agano ni mlaji, na hawezi kulitunza bila kuambiwa ukweli. Basi aliyepika nguruwe katika chungu hicho, akamkaribisha jirani Mwislamu, Myahudi au Msabato, amwambie mapema, kabla mgeni hajanawa mikono.