Tundu Lililozibwa Nusu



Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya maungamo, watu saba mbele yangu, na badala ya kuchunguza dhamiri nilikuwa nawaza ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe. Naomba mnivumilie, maana huyu ng'ombe ndiye aliyenifanya niungame vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

Wale mnaosoma kompyuta mnamjua. Anaitwa Dirty COW, na si mnyama, ni tundu la usalama lililokuwa ndani ya kerneli ya Linux. Kerneli ni ule moyo wa mfumo endeshi, sehemu inayoamua programu gani iguse nini kwenye mashine. Seva nyingi za intaneti zinaendeshwa na Linux, na simu yako ya Android pia, kwa hiyo usiseme hayakuhusu.

Nieleze kwa mfano wa ofisi ya parokia. Daftari la ubatizo haliruhusiwi kuandikwa na kila mtu. Ukitaka kuandikaandika, katibu anakutolea kopi, anaiweka mezani, unaichora utakavyo, daftari lenyewe linabaki salama. Kerneli inafanya hivyohivyo: faili ambalo huna ruhusa ya kulibadilisha, ukijaribu kuliandika kwenye kumbukumbu yako, inakutengenezea nakala yako mwenyewe. Sasa, kati ya kutoa kopi na kuandika kuna nafasi ndogo sana ya muda. Mtu mjanja alikuwa anaweza, katika nafasi hiyohiyo, kuiambia kerneli itupe ile kopi. Kerneli inarudi mezani, haioni kopi, na imeshasahau kwamba ilikuja kwa ajili ya kuandika. Inachukua daftari lenyewe kana kwamba ni la kusomwa tu, kisha inaliandika. Mtumiaji wa kawaida anaishia kuwa bwana wa mashine nzima.

Tundu hilo lilitangazwa Oktoba 2016. Aliyeligundua, Phil Oester, alikuwa na desturi ya kurekodi mawasiliano yanayoingia kwenye seva yake, na ndani ya rekodi hizo akaikuta programu ya mshambuliaji. Maana yake watu walikuwa tayari wanalitumia. Lilikuwa wazi tangu toleo la 2.6.22, mwaka 2007.

Lakini kilichonishika siyo hicho. Kilichonishika ni maelezo aliyoyaandika Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipolirekebisha. Alikiri hadharani, mbele ya dunia nzima, kwamba tatizo ni la zamani, kwamba yeye mwenyewe alijaribu kulirekebisha miaka kumi na moja nyuma na akalirekebisha vibaya. Rekebisho lile la 2005 lilileta shida kwenye aina fulani ya kompyuta kubwa za IBM, likaondolewa. Akaongeza kwamba wakati ule hatari ilikuwa ya nadharia tu, ila kadiri mfumo ulivyoboreshwa ikawa rahisi kutokea kweli.

Isome tena hiyo sentensi ya mwisho. Mimi niliisoma mara tatu, kisha nikafunga kompyuta.

Nikiwa kidato cha sita, dada yangu mkubwa, anayeuza chai na maandazi stendi, alinitumia shilingi 150,000. Nilikuwa nimemwambia shule imeongeza michango. Haikuwa imeongeza kitu. Nilinunua simu. Tangu hapo nimeungama mara nyingi sana, seminarini tunahimizwa kuungama mara kwa mara, na kila mara nilisema "nimesema uongo." Ni kweli, nilisema uongo. Padri alinipa malipizi, nikasali, nikatoka nikijiona mwepesi. Lakini neno wizi halikuwahi kutoka mdomoni mwangu, wala shilingi haikurudi kwa dada. Nilikuwa nimeziba nusu, halafu hata hiyo nusu nikaitoa mwenyewe. (Katikati ya hayo niliandika tasnifu ya falsafa juu ya Aristotle na udhaifu wa utashi. Nilipata alama nzuri.)

Na kadiri nilivyoboreshwa, hatari ikawa rahisi kutokea. Mwaka huu nimekabidhiwa daftari la michango ya hija ya kikundi chetu, maana frateri ndiye mtu wa kuaminika, si ndiyo? Mwezi wa pili nilichukua 20,000. Nikajiambia nimekopa.

Katekisimu yetu, namba 1456, inatukumbusha mfano wa Mtakatifu Jeromu: mgonjwa anayeona aibu kumwonyesha tabibu kidonda chake asitegemee dawa ikiponye. Na namba 2412 haina mzunguko: kilichoibwa kinarudishwa kwa mwenyewe. Wengi wetu tumeizoea orodha. Nimesema uongo, nimekasirika, sikusali asubuhi. Tunaisoma kama mtu anayeitikia majina darasani. Nabii Nathani hakumwachia Daudi nafasi hiyo. Katika Samweli wa Pili sura ya 12 alimsimulia kisa cha mwanakondoo hadi mfalme akajihukumu mwenyewe, ndipo akaambiwa ni yeye.

Kuna jambo jingine. Rekebisho la Torvalds likishatoka halimsaidii mtu ambaye mashine yake haijalipokea. Zipo simu zilizobaki na tundu lile muda mrefu baada ya dawa kupatikana, tena nyingine si kosa la mwenye nayo, watengenezaji wenyewe waliacha kuzihudumia. Hapo mfano wangu unavunjika, kwa sababu Mungu hajaacha kumhudumia yeyote. Lakini wewe mwenye simu inayokukumbusha kusasisha kila usiku, nawe unabonyeza "baadaye", huna cha kusingizia. Kristo amekwisha kulipa. Foleni ya Jumamosi ni yako.

Basi zamu yangu ikafika. Nikasema: Padri, niliiba. Nikataja kiasi, nikataja dada, nikataja na daftari la hija. Aliniuliza swali moja tu, nitarudisha lini. Jioni hiyo nilimkabidhi mwenyekiti wa kikundi zile 20,000 pamoja na daftari, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akalipokea. Sikurudishiwa, na sawa.

Kwa dada nilituma 30,000, ndizo nilizokuwa nazo, na ujumbe: "Dada, shikamoo. Ile pesa ya kidato cha sita niliitumia vibaya, nitakuwa narudisha kidogokidogo." Hakujibu. Siku mbili, tatu, kimya.

Ndipo nikakumbuka kwamba kisa cha Dirty COW hakikuishia 2016. Novemba 2017 watafiti waligundua kwamba lile rekebisho lenyewe lilikuwa limeacha mwanya, mdogo kuliko wa kwanza, kwenye zile kurasa kubwa za kumbukumbu. Ikabidi warudi tena kazini. Nikausoma upya ujumbe wangu. "Niliitumia vibaya." Yaani padri nimemwambia wizi, na mwenye mali nimemwambia matumizi!

Nikaandika tena: "Dada, nilikudanganya. Shule haikuongeza michango. Nilikuibia, nikanunua simu. Naomba unisamehe."

Alijibu baada ya dakika kama kumi: "Nilijua. Ulikuja likizo na simu mpya ukasema umeokota. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe kabla hawajakupa upadre. Nimekusamehe mdogo wangu. Hiyo nyingine ujitahidi kabla ya Januari, mwanao anaingia kidato cha kwanza."

Zimebaki 120,000. Tuombeane.