Nani Atalizuia Tela?

Ndugu zangu wa Kasingirima, wenye vipe na wenye maboti, mafundi wa mbao na madereva wa trekta, nisikilizeni. Mtu akitaka kupeleka chombo kwa fundi au kukirudisha mwaloni, huuliza jambo moja tu: gari lina nguvu ya kuvuta? Nawaomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, ulizeni na la pili: mteremkoni, nani atalizuia tela?

Mmemwona yule utingo. Anatembea ubavuni mwa tela, pekupeku, kipande cha gogo la mwembe kifuani, macho kwenye gurudumu. Mteremko ukianza anainama na kulitega mbele ya tairi. Tairi linalipanda, gogo linachomoka, naye analikimbilia tena. Vidole vyake viko shibiri moja tu na tairi lililobeba chombo kizima. Huyo ndiye breki yetu! Mtoto wa watu tumemgeuza kifaa tulichokwepa kukinunua.

Dereva akikanyaga breki, tela lisilo na breki zake halina habari. Linaendelea na safari yake. Uzito wote unakuja mbele, unaisukuma pikapu mgongoni, na penye kona au mchanga tela linajikunja, linaikumba ubavuni. Ukitoka mwendo wa kilomita 30 kwa saa ukafika 60, breki zinataka umbali mara nne ili zikusimamishe. Na huko chini kuna watoto wanaotoka shule na kina mama wenye masinia ya dagaa.

Basi tuamue kwa mzani. Ulaya tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Uingereza wanaongeza kwamba lisizidi nusu ya uzito wa gari linalovuta. Tuseme tela tupu la chuma lina kilo 400. Tia mashine, tia mafuta, tia nyavu zilizolowa, kisha kumbuka zile mbao zimekunywa maji ya ziwa kwa miezi. Kipe gani kitabaki ndani ya kilo 350? Na kwa mteremko unaotoka Mwanga hadi stesheni ya Kigoma, mimi hata hizo 750 naziona nyingi.

Na tatizo hili la mteremko si geni. Mwaka 1915 Waingereza walizileta boti mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja futi 40, kutoka Cape Town hadi Lukuga, ng'ambo ya ziwa letu hili. Reli ilipokoma Fungurume, zilivutwa kwa mashine za mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba. Kupanda kuliwatoa jasho, lakini kuna na kushuka, na chombo kinachoshuka hakihitaji wa kukivuta, kinahitaji wa kukishika.

Mtaniambia breki zinaoza majini. Kweli, breki za ngoma hubakiza maji na kushika kutu. Lakini ziwa letu si la chumvi! Zisuuzeni, zifungueni, zikagueni. Subirini magurudumu yapoe kabla ya kuyatumbukiza, maana kitovu cha gurudumu chenye moto kikiingia maji ya baridi hufyonza maji hadi kwenye beringi na kuharibu grisi. Tena zipo breki zisizohitaji hata waya wa umeme: tela linaposukuma gari, msukumo huohuo ndio unaozibana.

Wengine watasema tumtegemee Mungu. Tumtegemee, naam! Lakini mtu mmoja alipomuuliza Mtume kuhusu ngamia wake, aliambiwa amfunge kwanza.

Kesho alfajiri, kabla injini haijawashwa, pimeni tela pamoja na chombo chake na kila kilichomo. Likizidi hata hizo kilo 750, lisiondoke mwaloni mpaka fundi alifunge breki. Na yule kijana mnyang'anyeni gogo, mwambieni akae mbali na gurudumu.