Tukae Wote Chomboni

Ndugu wapenzi katika Bwana, sisi tukaao Kasanga, chini ya milima ya Ufipa, hatuhitaji kufundishwa tufani ni nini. Ziwa Tanganyika laweza kutulia asubuhi kama maji ya mtungini, na kabla ya jua kuchwa mawimbi yakainuka, na jamaa za wavuvi wakasimama ufukoni wakingoja. Kwa hiyo natuitazame pamoja sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, maana habari yake ni ya watu kama sisi.

Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Rumi. Merikebu yao ilichukuliwa na upepo, wala jua wala nyota hazikuonekana kwa siku nyingi. Usiku wa 14 mabaharia walishusha mashua ndogo, wakisingizia kwamba wanakwenda kutupa nanga, kumbe walitaka kutoroka peke yao. Paulo akaonya kwamba hao wakiondoka, waliobaki hawataokoka. Ndipo askari wakazikata kamba, mashua ikachukuliwa na maji.

Angalieni, ndugu. Mungu alikuwa amekwisha kuahidi uzima wa wote. Hata hivyo ahadi ile haikumpa mtu ruhusa ya kujitenga. Wokovu wao ulikuwa umefungwa pamoja.

Sisi nasi tunazo mashua zetu ndogo. Mvua ikikosa na mahindi yakiwa machache, kila nyumba hufunga mlango wake, wala hatuulizi kama jirani amepika. Mwingine, kwa kuwa hana sadaka, huona haya kuja ibadani. Naye mwenye akiba hudhani ghala yake ndiyo ngome yake. Hivyo ndivyo mashua inavyoshushwa, kimya kimya, usiku.

Je, Paulo alifanya nini? Alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote, akala; nao wote wakachangamka, wakala. Tena Luka ameandika hesabu yao, watu 276. Walimu wa kanisa na wazee, jifunzeni hapo. Siku ya Jumapili msitosheke kusema kwamba kanisa limejaa. Ulizeni ni nani asiyekuwapo, mkaende kumtazama siku ile ile.

Wengi wetu twaijua meli Liemba, iliyokuwa ikifika Kasanga katika safari zake kati ya Kigoma na Mpulungu. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikatumika vitani kwa jina jingine, ikazamishwa mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924. Mwaka 2015 meli hiyo hiyo ilichukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, safari baada ya safari. Chombo cha vita kikawa kimbilio la mama na watoto. Kanisa nalo na liwe hivyo, limpokee kila aliyechoka.

Mwisho tukumbuke kwamba merikebu ya Paulo ilivunjika. Wengine waliogelea, wengine walishika mbao, na wote wakafika nchi kavu. Basi hatuwaahidi kwamba nyumba, shamba wala mtumbwi havitapotea. Lakini nafsi zilizokabidhiwa kwa Mungu hazipotei. Kwa hiyo mwezi huu kila mmoja wetu na akate kamba ya mashua yake: afungue mlango, agawe unga uliopo, amrudishe ndugu aliyeona haya.

Bwana aliyeyanyamazisha mawimbi awe pamoja nanyi nyote. Amina.