Sifa za Samaki Aliyenaswa

Ukiwauliza wanaovua kwa burudani ni samaki gani wa mito na maziwa anayepigana kuliko wote, wengi watakutajia samaki wa Kongo. Ni mbenga, yule mkubwa kuliko ndugu zake wote, ambaye wanasayansi walimpa jina la kitaalamu mwaka 1898. Meno yake yanaonekana hata akiwa amefunga mdomo. Mshipi wa nailoni anaukata mara moja, kwa hiyo wanaomwinda hufunga waya mbele ya ndoana. IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa michezo, linamtambua mbenga wa kilo 44 aliyevuliwa Kinshasa mwaka 1988. Mwingereza Jeremy Wade alianza kumfuata miaka ya 1980, na baadaye akamwonyesha dunia kwenye televisheni.

Sisi wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, tuna fungu letu katika habari hii, kwa sababu maji yetu ndiyo yanayokwenda kwake. Mto Lowa unashuka kutoka milima ya Masisi, unapita Walikale, unazama msituni na kuingia Lualaba, sehemu ya juu ya mto Kongo. Hata maji ya upande wa Sake, yanayomwagika Ziwa Kivu, hufika hukohuko kwa njia ndefu: Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, kisha Lualaba.

Mbenga ana wapinzani. Kuna sangara, ambaye Wakongo humwita kapiteni: wapenzi wake humfuata chini ya maporomoko ya Murchison huko Uganda, na katika Ziwa Nasser, Misri, alivuliwa mmoja wa kilo 104 mwaka 2000. Kuna trauti, aliyepelekwa Kenya mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Mdogo, lakini mkali. Kila mtu ana wake na ubishi hauishi. Mimi naona wanambishania samaki wakati jibu limo ndani ya maji.

Samaki ana nyama za aina mbili. Nyekundu ni kidogo, nayo ni ya kuogelea taratibu siku nzima kwa kutumia oksijeni. Nyeupe, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili, ni ya dharura: kuruka, kukimbia, kukamata. Nyama hiyo huchoma akiba ya sukari bila kungoja oksijeni, na akiba huisha baada ya dakika chache, ikiacha asidi inayoulegeza mwili mzima. Aliyekulia kwenye mkondo wa kasi amelazimika kushindana na maji kila siku ya maisha yake, na maji ya mlimani, yaliyo baridi na yanayorukaruka juu ya mawe, humpa oksijeni nyingi kuliko dimbwi la joto. Kile ambacho mvuvi anakiita moyo wa samaki ni mto ulioingia mwilini mwake. Ndoana inapomkamata, anafanya alichokuwa akifanya tangu azaliwe, ila safari hii anavutwa na kitu asichokijua.

Tena kuna mshipi. IGFA hupanga rekodi kwa nguvu ya mshipi uliotumika, na aliyemtoa samaki kwa mshipi mwembamba hupata heshima kuliko aliyemtoa samaki huyohuyo kwa mnene. Nadhani siri yote iko hapa. Kwa kamba nene mbenga wa kilo kumi anavutwa, anafika ukingoni, na hakuna la kusimulia. Ili pambano liwepo, mtu anapaswa kuamua kwanza kwamba litakuwepo. Anajipunguzia nguvu kwa hiari yake, anaurefusha muda, halafu anastaajabia ukakamavu wa kiumbe ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemrefushia mateso. Hana chuki na samaki. Mara nyingi anampenda kweli, na humrudisha majini kwa mikono miwili.

Mtu wa Walikale anayevua ili watoto wale jioni hachagui mshipi mwembamba. Anatafuta kamba imara kuliko zote alizoweza kununua, na samaki bora kwake ni yule anayechoka mapema. Wagenya wa Kisangani wameifikisha akili hiyo kileleni: hufunga mitego yao mikubwa ya miti katikati ya maporomoko, mto wenyewe ukamsukuma samaki ndani. Na katika Ziwa Kivu samaki anayelisha umati ni sambaza, aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa taa na wavu, maelfu kwa maelfu, na sijasikia hata mmoja akisifiwa kwa kupigana. Hata hivyo yeye ndiye anayebeba nyumba nyingi za Sake na Kirotshe, na kama ningeombwa kumpa samaki mmoja heshima, ningempa huyo.

Sisemi kwamba mwenye shida hamheshimu anachokiua. Katika The Old Man and the Sea, kitabu cha mwaka 1952, Hemingway alimpa mzee Santiago njaa na mapenzi kwa wakati mmoja: anamwita samaki ndugu yake, na amekusudia kumuua. Lakini Santiago mwenyewe yumo hatarini. Kamba inamkata viganja, yuko peke yake mbali na nchi kavu, na huenda asirudi. Anapomsifu samaki, tunamwamini, kwa kuwa kamba inawauma wote wawili. Aliyekaa ukingoni na chakula chake mfukoni anaweza kutamka maneno yaleyale, na hayatakuwa na uzito uleule.

Samaki naye hayumo katika mchezo. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walionyesha kwamba trauti ana neva za kuhisi maumivu kichwani na mdomoni, pale hasa ndoana inapoingia. Miaka 20 kabla yao, watafiti wengine waliwafukuza trauti majini mpaka wakaishiwa nguvu, na baadhi walikufa saa kadhaa baada ya kuachwa wapumzike. Mvuvi anamwachia samaki, anamwona akizama chini na kupotea, anaamini amepona. Kifo kinakuja baadaye, mahali asipopaona. Uswisi imekataza kuvua kwa nia ya kuachia tu, na naiona hukumu hiyo kuwa ya haki.

Ninaliandika hili nikiwa Mkivu, na siwezi kulisoma kama habari ya samaki peke yake. Mwaka 1993 mapigano yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na tangu hapo amani yetu imekuwa ya vipindi. Januari 2025 Masisi-centre ilichukuliwa na waasi wa M23. Machi mwaka huohuo Walikale-centre ikachukuliwa, kisha ikaachwa mwezi uliofuata. Watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Na kila anayekuja kutuandikia ripoti hutuachia sifa ileile: watu wa huku ni wastahimilivu ajabu, hawakati tamaa, wanaanza upya kila mara.

Sifa hiyo si uongo. Nimewaona mama zetu wakipanda maharage katika shamba ambalo hawana hakika ya kulivuna. Kinachonikereketa ni mahali anaposimama anayeitamka. Anautazama ustahimilivu wetu kama tabia tuliyozaliwa nayo, wakati ni mkondo tuliolazimika kuogelea ndani yake zaidi ya miaka 30. Tena anaongea kana kwamba hakuna aliyeuchagua mshipi. Rubaya, hapahapa Masisi, inakadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya tantali ya dunia, itokayo katika koltani na kuingia kwenye simu anayoandikia ripoti yake. Bisie, kule Walikale, ni kati ya migodi mikubwa ya bati duniani. Vita inayozunguka mali ya namna hii haikurefuka kwa sababu tunajua kuvumilia. Imerefuka kwa kuwa kuna wanaoweza kuifupisha na hawaifupishi, wengine kwa faida, wengine kwa kuzoea.

Na akiba inakwisha, kwetu kama kwa samaki. Mtoto aliyefika kambini akiwa hai anahesabiwa kuwa amenusurika. Homa itakayompata miezi miwili baadaye, shule aliyoikosa miaka minne, baba asiyezungumza tena mezani, hayo yanatokea chini ya maji, baada ya mwandishi kuondoka.

Sitaki tuache kusifiwa. Kuna watu waliokaa nasi wakati risasi zinalia, wauguzi, mapadre, walimu, wageni pia, na neno lao la heshima nalipokea kwa mikono miwili kwa sababu kamba iliwauma pamoja nasi. Kwa wengine wote nina ombi. Unapoandika kwamba watu wa Masisi na Walikale ni wapiganaji wa maisha, andika katika ukurasa huohuo koltani ya Rubaya inavuka mpaka kwa hati ya nani na inanunuliwa na nani, na ni lini muuza ndizi ataweza kutoka Masisi hadi Sake bila kulipa kwenye kizuizi cha watu wenye bunduki.